Kibodi Nzito ya Mwanangu

Mimi kompyuta siijui na sijidai kuijua. Lakini kibodi moja naijua, maana ilikaa miaka chini ya kitanda changu Michenzani, na kila nikifagia lazima niisogeze. Nzito kama jiwe.

Aliileta mwanangu wa kike. Alipoanza kazi ya kupiga chapa ofisini, Malindi hapa mjini, karibu na soko la samaki, mwishoni mwa miaka ya themanini, alikalishwa mbele ya kioo chenye maandishi ya kijani, na kibodi hiyo mbele yake. Kioo chenyewe hakikuwa na akili. Akili ilikuwa kwenye kompyuta kubwa iliyofungiwa chumba cha pili. Baadaye vioo vile vikatupwa, yeye akaomba kibodi yake tu. Nikamwambia, "Wenzio wanarudi na samaki, wewe unaniletea vyuma."

Kisha maradhi ya sukari yakampiga macho. Mtu anamwona kama kivuli, herufi hazioni kabisa. Vidole vilijua kazi, lakini kwenye kibodi mpya, nyepesi, bapa, vilipotea. Barua zikawa zinarudishwa. Mkubwa wake akamwambia Jumatatu atampa barua aipige. Ikitoka na makosa, basi akae nyumbani.

Ndipo akaikumbuka kibodi ya chini ya kitanda. Vitufe vyake virefu, vina bonde la kidole, na kila kimoja kinalia ukikibonyeza. Nikamwita fundi redio wa Mlandege, mtu mzima mwenzangu. Akaitazama plagi, akaitazama kompyuta tuliyoazima, akatikisa kichwa.

"Bi mkubwa, hawa hawasikilizani. Kibodi hii inatoa ishara zake za zamani, na hii kompyuta mpya haizijui. Nitaweka kisanduku katikati kiwe mkalimani."

Siku mbili alichomea waya sebuleni kwangu. Jumamosi mchana ikabaki kazi moja: kukifundisha kisanduku. Herufi alishaziandika kwenye kompyuta, safu kwa safu. Sasa kila kitufe kibonyezwe mara moja kwa mpango uleule. Mwanangu alikuwa amekwenda kuchukua dawa, na adhana ya adhuhuri ikalia.

"Anza mwanzo wa safu mpaka mwisho," fundi akaniambia. "Kimoja kimoja, usiruke. Nnakwenda kusali, narudi."

"Kwani mimi mtoto?"

Nikabonyeza. Sikuruka hata kimoja.

Mwanangu aliporudi akakaa, akaipapasa kibodi, akapiga mstari mzima kwa kasi yake ya zamani. Fundi, keshatoka msikitini, akakiinamia kioo.

"Nisomee," mwanangu akasema.

"Hazisomeki."

Akapiga tena, polepole. Hazisomeki. Akaiondoa mikono, akaiweka mapajani. "Basi tena, mama. Vidole vishasahau."

Fundi akanigeukia. "Bi mkubwa, safu ulianzia wapi?"

"Mwanzo."

"Mwanzo upi?"

"Kulia. Kwani wewe chuoni ulianzia wapi?"

Mimi kusoma nilisomea chuoni, kwa maalim, juzuu ya Kurani mbele yangu, na huko mstari huanzia kulia. Herufi hizi nyengine nilikuja kufundishwa ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Mkono wangu ukiona safu, unaanzia kulia wenyewe. Sikuwaza hata.

Fundi alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama mwanangu, namna alivyokubali upesi kwamba kosa ni lake. Nimemlea hivyo. Kikivunjika kitu nyumbani, yeye ndiye aliyekuwa akiulizwa kwanza. Nami sijapata kumwomba radhi mtoto niliyemzaa. Mama yangu hakuniomba mimi.

"Vidole vyako havina kosa," nikamwambia. "Nimekosa mimi. Niwie radhi."

Akageuza uso kuitafuta sauti yangu. "Umesema nini, mama?"

"Umesikia. Sirudii."

Fundi akafuta yote, na safari hii mwanangu akabonyeza mwenyewe, akianzia kushoto, mimi nimekaa mbali na mikono yangu nimeikunja. Alipopiga mstari, fundi akausoma wote bila kusita.

Jumatatu aliichukua ofisini, kaifunga ndani ya kanga yangu, na kisanduku chake juu. Kutwa nzima sikula kitu. Alasiri nikasikia miguu ngazini, nikatoka mlangoni. Mikono yake mitupu, kanga kajitupia begani.

"Iko wapi?"

"Wameniambia niiache hukohuko," akasema, "mezani kwangu."