Jezi ya Jumatatu

Mimi ni shabiki wa raga ya wachezaji kumi na watatu, si ile ya kumi na watano. Mtu akiniuliza wale wawili wameenda wapi, namjibu kwamba hatuwahitaji.

Timu yangu ikipigwa Jumamosi, Jumatatu navaa jezi yake kazini. Sijifichi. Kutoka nyumbani Satellite mpaka kwenye lifti ya ofisi yetu Upper Hill, watu hunicheka njia nzima. Wacha wacheke.

Mwenzangu wa meza ya pili anashabikia wapinzani wetu wakubwa. Wakishinda, huja na jezi, skafu na mdomo. Wakishindwa, huja na tai, tena husema ana kazi nyingi. Kwa miaka minne nimekuwa nikimwambia, "Wewe si shabiki, bwana. Wewe hufuata pilau tu."

Juzi tuliwachapa. Nilipiga kelele mpaka sauti ikapotea, na Jumapili kanisani nilikuwa nafungua mdomo tu wenzangu wakiimba. Jumatatu nikafika ofisini mapema kuliko mfagiaji, kejeli zangu zote nimezipanga.

Saa mbili kamili akaingia. Alikuwa amevaa jezi ya timu yake, imepigwa pasi vizuri. Akanisalimia, akaketi, akawasha kompyuta.

Nilikasirika kwelikweli. Miaka minne nimemfundisha huyu mtu, na katika siku zote akachagua hiyo ndiyo aelewe.