Mwenzangu wa Kusikilizana

Mwezi uliopita nilitoka Mikumi kwenda Kilosa kwa shughuli zangu, nikapita pale lilipokuwa bweni letu. Sasa wanauza saruji. Nilisimama nje kama mjinga, na utanishangaa, rafiki yangu, kilichonipanda hakikuwa huzuni. Ulikuwa wivu, uleule wa nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Zamani jengo lile lilikuwa ghala la pamba la chama cha ushirika. Ushirika ulipokufa, na watu binafsi wakaruhusiwa kufungua shule, wazee wa msikiti walilikodi, wakapanga vitanda, wakatuweka wasichana ishirini na kitu tuhifadhi Qur'ani. Nyuzi za pamba zilikuwa bado zimenasa ukutani. Asubuhi uji wa dona, mchana ugali na maharage yanayonuka moshi. Katikati tulichota maji, tukafagia, tukahifadhi.

Tulihifadhi wawili wawili. Mmoja anasoma bila kutazama, mwenzake ameshika msahafu, kidole kwenye mstari, anamkosoa. Ustadhi alizoea kutuambia kwamba anayesikiliza amebeba amana.

Mwenzangu alikuwa binti wa mkulima wa Kidete. Mimi nilirudia ukurasa mara arobaini, tumbo linaniuma, chakula hakipiti. Yeye alihifadhi huku akichambua mchele, akala akashiba, akaweka kichwa akalala.

"Wewe tulia," alinitania, "mwisho utahifadhi na majina ya kunguni wa kitanda chako."

Nilicheka. Moyoni nilimchukia kwa usingizi wake ule.

Karibu na likizo ya Ramadhani, Ustadhi alitangaza kwamba mmoja wetu atasoma mbele ya wazazi wote. Mchujo ukatubakisha yeye na mimi. Siku moja kabla ya mtihani wa mwisho, baada ya alasiri, alinisomea. Akafika kwenye aya inayofanana na ya sura nyingine, akateleza, akaendelea na ile ya kule. Kidole changu kilikuwa palepale penye kosa. Nikanyamaza. Alipomaliza aliniuliza kama iko sawa, nikamwambia iko sawa.

Kesho yake alikosea palepale mbele ya Ustadhi.

"Nani anamsikiliza huyu?"

Nikainamia msahafu.

"Kosa langu, Ustadhi," mwenzangu akasema. "Aliniambia jana, nikasahau."

Basi siku iliyofuata nikasoma mimi mbele ya wazazi. Sikukosea hata herufi, na mama alilia kwa furaha. Lakini nilimwona mwenzangu safu ya nyuma, midomo inanifuatisha aya kwa aya, tayari kunikumbusha kama ningekwama.

Tulipokuwa tunakula pilau aliniinamia. "Juzi uliponisikiliza ulisinzia, eti?"

Nikasema ndiyo. Akanimegea nyama yake.

Baada ya likizo sikurudi. Nyumbani nilisingizia tumbo, wakaniamini. Yeye alirudi kwenye uji ule na kunguni wale, akavumilia, akamaliza juzuu zote thelathini. Hata hilo nimemwonea wivu, na sijawahi kumwambia mtu mpaka leo.

Mimi nimejifundisha mwenyewe, chumbani Mikumi, kwa redio kaseti. Nimefika mbali, nadhani. Ila kaseti haimsikilizi mtu. Nikikosea, yenyewe inaendelea tu.