Kiganja Juu ya Boneti

Baba yangu alipima mashine kwa pua. Akishika kitu cha umeme dukani, kabla hajauliza bei, alikinusa kwenye yale matundu ya kutolea joto, akafumba macho, kisha akatoa hukumu. "Hii imetoka Ulaya." Au, "Hii ya Kichina, tena Kichina cha kutuletea sisi." Maana kwake China zilikuwa mbili, moja ya kutumia wenyewe na nyingine ya kuuzia watu wa huku. Nilimcheka waziwazi. Nilimwambia ipo siku atanusa kibandiko cha bei.

Tulikuwa tunapaka magari rangi na kuyapiga polishi, yeye na mimi, kwenye uwanja wetu wa Bangwe, Kigoma, upande wa juu wa barabara. Kazi hiyo alinifundisha yeye mwenyewe, baada ya ndoa yangu kuvunjika na mimi kurudi nyumbani na begi moja na hasira tele. Watu walimwambia hiyo si kazi ya mwanamke. Aliwajibu kwamba gari halijui limeshikwa na nani. Nilimpenda sana kwa jibu lile, na ndiyo maana haya ninayoyaandika yananiuma.

Somo lake la kwanza lilikuwa la kiganja. Mashine ya polishi inazungusha sifongo juu ya rangi, sifongo inasugua, na kusugua kunaleta joto. Joto likizidi, rangi inaungua, na ikishaungua hakuna ujanja, ni kupaka upya. Kwa hiyo unapitisha mashine mara mbili tatu, unazima, unaweka kiganja juu ya bati. "Kikikataa, na wewe kataa," aliniambia. "Subiri lipoe." Mafundi wengine mjini walikuwa wanafunga sifongo kwenye grainda ya kukatia vyuma na kwenda nayo mbio bila kugusa kitu. Baba aliwaita wachoma mahindi.

Mashine yake ya zamani aliachiwa na mhandisi mgeni, enzi za ujenzi wa barabara. Ilikuwa na maandishi ya Kijerumani ubavuni, na kwa sababu ya maandishi yale baba aliamini kwamba Wajerumani hawajawahi kukosea jambo. Ilikufa mchana mmoja ikiwa kazini, ikatoa moshi mweupe, na kutuachia boneti ya mteja nusu inang'aa na nusu imefifia. Baba alikaa chini kando yake, akaishika muda mrefu. Nusu ile iliyobaki niliimalizia kwa kitambaa na mkono, nikitukana chinichini.

Hapo inabidi niseme jambo ambalo wakati ule sikulisema kwa mtu. Mikono ya baba ilikuwa imeanza kufa. Nilikuwa nimeliona hilo kwa karibu mwaka mzima. Asubuhi za kiangazi, upepo wa ziwani unapopanda huku juu, vidole vyake vilipauka rangi ya majivu na yeye alivificha kwapani. Vifungo vya shati alivifunga kombo. Siku moja aliinua sufuria ya chai motoni bila kitambaa, akaimimina chai yote taratibu, akaiweka chini, na mimi nikabaki namtazama. "Baridi la ziwa hili," alisema kila nilipomwangalia. Miaka ishirini ya kushikilia kitu kinachotetemeka ilikuwa imemla vidole, na vidole hivyo ndivyo vilivyotulisha. Nilijua siku atakayoshindwa kazi hatakuwa na la kufanya ila kukaa barazani akihesabu magari yanayopita, na mtu yule hakuumbwa kukaa.

Nilitaka tununue mashine nyepesi. Ilikuwepo moja katika duka la Mwanga, mjini, ya kijani, ya Kichina, yenye kitufe cha kupunguza kasi. Ilitetemeka kidogo tu. Hiyo ndiyo ingemwongezea miaka. Lakini ningemwambiaje? Ningemwambia baba yangu, aliyenifundisha kazi, kwamba tunatafuta mashine ya mtu asiye na mikono? Kwetu mtoto hamwambii mzazi kwamba amechoka. Mzazi huchoka mwenyewe, akatangaza mwenyewe. Basi nikafanya nilichokiweza. Nikaanza ugomvi wa nchi.

Tulibishana siku tatu. Nilimwambia hata simu iliyomo mfukoni mwake imetoka China, na redio, na kandambili alizovaa. Alinijibu kwamba ndiyo maana kandambili ya kushoto imekatika. Nilimwambia maandishi ya Kijerumani yanaweza kubandikwa na mtu yeyote mwenye gundi. Jirani yetu, fundi wa kushona viti vya magari, ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani, aliacha cherehani yake akaja kuongeza moto.

"Mashini ya kweli iko nzito," alisema. "Babu yangu alikuwa na ya Wabelgiji, watu wawili wanaibeba. Ile iko kitu."

"Na ilikuwa inafanya kazi gani?" nikamuuliza.

"Ilikuwa imeharibika. Lakini iko nzito!"

Nilicheka, na baba akacheka, ila neno lilikuwa limeshaingia. Mafundi wetu wote wanaamini hivyo. Kitu kizito kina shaba ndani, kitu chepesi kina ubatili. Ukimpa fundi wa Kigoma vifaa viwili, haangalii karatasi, anavipima mkononi, hiki na hiki, na kile kinachomshusha bega ndicho chenyewe.

Siku ya nne tulikwenda Mwanga, baba, fundi viti na mimi. Mwenye duka alituwekea mashine mbili juu ya kaunta: ile ya kijani niliyoitaka, na nyingine nyeusi, kubwa, iliyoandikwa nchi ya Ulaya kwa herufi nyeupe. Baba alizinusa zote mbili. Kisha ikafika zamu ya kujaribishwa, maana pale kitu kikishatoka mlangoni hakirudi, na hakuna anayenunua kabla hakijawaka mbele ya macho yake. Mwenye duka akachomeka waya wa ile nyeusi. Baba akaishika, akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena, kwa nguvu, mpaka mshipa wa shingo ukamsimama. "Haiwaki," akasema.

Niliona kidole gumba chake. Kilikuwa kando ya swichi. Kilikuwa kinabonyeza plastiki tupu, na yeye hakuhisi tofauti. Mwenye duka alianza kuinama aangalie waya, na mimi nikanyoosha mkono haraka, nikaisukuma swichi mwenyewe. "Swichi zao hizi ngumu," nikasema. Mashine ikaunguruma. Baba akatabasamu mbele ya watu wote. Kama kuna dakika ya kusema, ilikuwa ile, na nilikuwa nimeshaila kwa ulimi wangu.

Badala yake nikarudi kwenye China na Ulaya. Nilibisha pale dukani mpaka sauti ikapanda, nikamwita mwenye duka tapeli wa vibandiko, na yeye, kwa hasira, akasema basi twende tukapime, chuma hakidanganyi. Tukatoka na mashine zote mbili hadi meza ya jirani, kwa mama anayeuza dagaa, mwenye mzani wa sahani. Tulimsalimia, tukamwomba. Alitutazama mmoja mmoja, akaondoa dagaa wake kwenye sahani, akatuachia.

Ya kijani ikawekwa. Ikafuata nyeusi. Nyeusi ilishuka kwa kishindo. Fundi viti akapiga makofi.

"Sasa mnanunua nini hapo?" mama wa dagaa akauliza. "Mtaipika? Nani ataishika hiyo kutwa nzima?"

Aliuliza kwa utani tu. Baba alikuwa anaipangusa ile nyeusi magamba ya dagaa kwa kona ya shati lake, kwa mapenzi. Mimi niliyekuwa na maneno mengi siku tatu nzima nilikosa moja. Tukainunua. Ilinuka dagaa mpaka mwezi ukaisha.

Wiki chache baadaye lilikuja gari la mama mmoja wa Ujiji, mkunga mstaafu aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa wake. Lilikuwa gari dogo la bluu iliyoiva, la marehemu mumewe, na rangi ilikuwa ileile ya kiwandani. Aliomba tu ing'ae kwa ajili ya arusi ya mjukuu. "Msiibadilishe," alisema. "Aliipenda hivyo."

Baba alisema atalifanya mwenyewe. Mimi nilikuwa upande wa pili nikibandika karatasi kwenye taa za gari jingine. Nilikuwa namsikiliza. Mtu aliyezoea kazi hii anaijua kwa masikio, na niliusikia uzito ule ukimvuta, mashine ikikaa mahali pamoja kuliko inavyotakiwa. Akazima. Nikajua anaweka kiganja. Akawasha. Akazima, akawasha. Kisha ikanijia harufu, kali, ya plastiki motoni.

Nilikwenda mbio. Baba alikuwa amesimama, kiganja chake cha kulia kimelala chote juu ya boneti, vidole vimetandazwa, uso umetulia kabisa.

"Bado baridi," akaniambia.

Niliweka mkono wangu kando ya wake. Niliuondoa pale pale, nikiwa nimeungua. Alipouona uso wangu akainua kiganja chake, na chini yake bluu haikuwepo. Kulikuwa na kijivu cha rangi ya chini, doa la ukubwa wa sahani, na pembezoni rangi imejikunja. Akakitazama kiganja. Kilikuwa kimebabuka. Akageuza mkono juu na chini, mara mbili, kama wa mtu mwingine.

Sijawahi kuogopa hivyo maishani, na talaka nimeipitia.

Niliuosha mkono wake kwenye ndoo. Midomo yake ilikuwa inatafuta pa kushika, na nilingoja aseme mwenyewe, atangaze mwenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa haki yake. Fundi viti akafika, akauliza kumetokea nini. Baba akaitazama ile mashine nyeusi iliyolala vumbini.

"Feki," akasema. "Tumeuziwa feki. Ya Kichina hii, wamebandika tu Ulaya."

Fundi viti alinigeukia mimi, niliyekuwa nimesema hivyo hivyo siku tatu.

"Nilisema mimi," nikajibu. "Feki tupu."

Mkunga alipokuja, baba alimwambia hivyo hivyo, akimwahidi kwamba boneti itapakwa upya, bluu ileile, kadiri tutakavyoweza kuipata. Yule mama aliligusa doa la kijivu. Niliona limemuuma. Halafu akanyoosha mkono kumpa baba pole, akaushika ule mzima, na hakuuachia. Alikuwa anavikandakanda vidole, kimoja baada ya kingine, huku akimuuliza habari za nyumbani, na baba anajibu nyumbani hawajambo, bila kujua kwamba anapimwa. Aliponiaga mimi alininong'oneza, "Huyu mpeleke hospitali. Mashine haina kosa."

"Najua, mama," nikasema.

"Unajua?" Aliniangalia kwa namna ambayo hakuniangalia hata kwa ajili ya boneti.

Nilimpeleka, lakini baada ya miezi, maana kila nilipotaja hospitali aliniuliza akaseme nini huko, kwamba ana baridi? Daktari alieleza kwa upole kwamba mishipa ya vidole imeharibiwa na mtetemo, kwamba alipaswa kuacha mapema, na asishike tena mashine ya namna ile. Tulipotoka nje baba alivaa kofia yake. "Umesikia?" akaniambia. "Hata daktari anasema ile mashine ni mbovu."

Si mbovu. Naitumia kila siku na haijanisumbua. Ni nzito, inanichosha mabega, na nadhani kweli ilitengenezwa huko ilikoandikwa. Ningeweza kununua ile ya kijani sasa, kwa mikono yangu mwenyewe. Sinunui. Nikiinunua, itabidi niseme kwa nini nimetafuta nyepesi. Uwanjani kwetu kila mtu anajua ni feki, na baba anawaonyesha wageni kwa kidole, akiwaonya wasije wakatapeliwa kama sisi. Namwacha aseme. Mara nyingine namchukia kidogo kwa hilo, kisha najikumbuka mbele ya ule mzani nikiwa nimefumba mdomo, na chuki inanirudia mwenyewe.

Anakuja kila asubuhi. Hataki kukaa barazani. Tumeelewana, bila kukaa kikao, kwamba kazi yake ni kiganja. Napitisha mashine mara mbili tatu, nazima, najiweka pembeni. Yeye anasogea, anakunja mkono wa shati, anakilaza kile kiganja chenye kovu juu ya bati la watu, na kungoja kidogo, akitazama kule ziwani.

"Bado baridi," ananiambia. "Endelea."

"Sawa, Baba," namjibu. Halafu nainama chini ya gari, najifanya natafuta kitambaa, nakitafuta mpaka bati lipoe.