Koki na Bango la Maua

Mjukuu wangu Koki amewaandika marehemu wengi kuliko nywele za kichwa changu, na mimi bado nina nywele za kusuka mikeka miwili. Kazi yake iko hapa Mbotela, katika saiba ndogo, kibanda cha kompyuta na kuchapa karatasi, inayotazamana na bucha. Mtu akifiwa huja pale na karatasi iliyokunjwa mara nane, imeandikwa na mjomba aliyekuwa akilia, hata huoni kama ni jina au ni chozi. Koki humkalisha kwenye benchi amuulize. Alipenda kula nini? Alicheka vipi? Akikasirika alifunga mlango au aliuacha wazi? Kisha humtengenezea kijitabu cha mazishi: picha katikati, maua ya waridi kwenye pembe nne, njiwa wawili wakipaa, na ndani maisha yote ya mtu, tangu kuzaliwa mpaka pale kwa "ameacha mjane, watoto watano na wajukuu tisa." Watu hurudi kutoka makaburini wakisema, yule jirani tulikuwa hatumjui, tumemjua leo.

Miaka kumi na mmoja amefanya kazi hiyo. Na miaka hiyohiyo amekuwa akirudi nyumbani na karatasi za marehemu zilizoharibika kwenye mashine, anaandika nyuma yake. Mimi huchambua ndengu, yeye hunisomea. Mimi sikuingia darasani hata siku moja; haya unayosoma nimeyasema kwa mdomo, ameyaandika Kavutha wa mlango wa pili, na nimemwonya asininyooshee kitu.

Alichokuwa akiandika Koki ni hadithi za siku ambazo hazijafika. Mtaa wa Pipeline umejengwa juu, juu, mpaka mtu wa chini hajui rangi ya mbingu, na wenye nyumba wanakodisha jua kwa saa, linawashwa kama stima. Njiru kuna fundi anayetibu roboti waliochoka na maisha. Mchanga wa Kangundo Road unajifunza kuongea na kitu cha kwanza unachosema ni lawama. Nilimwambia, "Koki, hizi ni zangu. Si mimi niliyekuambia babu yako alilima shamba la Kitui kwa ng'ombe wa chuma aliyekunywa uji?"

"Susu, wako alikuwa trekta ya kuazima."

"Alikunywa uji. Nilimpikia mimi."

Alicheka, lakini aliandika. Hadithi zikafika tisa, zikawa kitabu. Jina lake *Jua la Kukodi*. Mpiga chapa mmoja wa Njiru akakubali kukitoa, na Koki akaanza kutembea akiongea peke yake kama mtu aliyechumbiwa.

Basi akaja Shamis. Huyu ni mama wa Eastleigh anayesambaza vitabu, na maduka yanamsikiliza kuliko yanavyosikiliza radio. Alikaa kwenye kiti changu kizuri, akasoma kurasa tatu, akafunga.

"Dada Koki, mkono unao. Wallahi unao. Lakini niambie ukweli: roboti, tena kwa Kiswahili, hapa Eastlands nani atakaa asikilize? Watu wangu wananunua vitabu vya shule na vya dini."

"Watasikiliza," Koki akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Nionyeshe. Jumamosi hii nitakuja kwenye uzinduzi wako hapo ukumbini. Nikikuta watu wanakusikiliza, nachukua vyote, navipeleka mpaka Mombasa. Nikikuta viti vitupu na shangazi zako wawili, tusisumbuane tena."

Shamis alipoondoka, Koki hakula. Alijua, na mimi nilijua, kwamba mwaka uliopita mtaalamu wa kuku alikuja ukumbini kufundisha bure, na soda akagawa, wakaja watu sita.

Jioni ile akatengeneza bango saibani. Sasa sikiliza. Mkono wa fundi ukizoea umbo moja, hauulizi tena kichwa. Koki alikuwa amechoka, akafungua mashine, akaweka picha yake katikati, ile aliyopigwa akiwa na kola nyeupe. Akaweka waridi pembe nne. Akaweka njiwa wawili wakipaa. Akaandika jina lake kwa herufi za kujikunja, chini yake Jumamosi, saa nane, Ukumbi wa Mbotela. Juu kabisa, kwa herufi ndogo, akaandika habari za kitabu. Akachapa nakala kadhaa, akaniletea, macho mekundu.

"Susu, liko sawa?"

Nikalitazama. Sisomi, lakini nimezika watu. Niliona mara moja ni nini kile. Koki hakuona, maana kwake maua na njiwa ni kama chumvi kwenye maharagwe.

"Liko sawa sana," nikasema. "Nipe mimi nikabandike."

Kesho yake asubuhi akapigiwa simu kutoka Njiru: vitabu vimeshonwa kurasa kichwa chini. Ikabidi aende akae kwa shangazi yake siku tatu, yeye na mpiga chapa wakivifumua na kuvishona upya. Saiba ikafungwa, maana ufunguo ni wake. Mimi nikazunguka na gundi ya unga: bucha, lango la kanisa, kwa fundi viatu, bombani. Kisha nikampigia mwanangu Mutunga kule Kitui nikamwambia, ukisikia binti yako amekufa usiamini, ni mambo ya biashara.

Kabla chai haijachemka akaingia Nzembi, jirani yangu wa miaka thelathini, leso imefungwa kiunoni, kilo mbili za sukari mkononi.

"Mama Mutunga! Mama Mutunga wee! Koki wetu!"

"Koki wetu," nikasema.

"Nimemwona kwa macho haya juzi tu akinunua mkaa! Ilikuwa ghafla?"

"Ilikuwa ya muda mrefu, Nzembi. Miaka kumi na mmoja."

"Uuuuwi! Na hakuonyesha!"

"Alificha sana. Njoo Jumamosi, utasikia yote. Njoo na watu wako."

Hebu niambie uongo uko wapi hapo. Hakuna neno moja la uongo. Bango lenyewe lilikuwa limeandikwa kila kitu, lakini nani husoma bango lenye waridi? Mtu huona picha, huona siku, huona mahali, huuliza sukari ipelekwe wapi. Simu ya Koki haikulia hata mara moja. Nani humpigia marehemu?

Mchana akaja Mzee Wathome, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye hakuna kamati ya mazishi mtaani ambayo hajawahi kuwa mwenyekiti wake. Alivua kofia mlangoni.

"Pole, mama. Usiwaze lolote. Viti nimepata. Hema nimepata, ukumbi ukijaa wengine wakae nje. Kina mama wa kwaya wataimba. Mwili uko wapi?"

"Njiru."

"Utaletwa Jumamosi?"

"Utakuja wenyewe."

Akaniangalia kwa huruma, akamwambia Nzembi kwa sauti ya chini kwamba majonzi yamenipanda kichwani, nisiachwe peke yangu. Nikaachiwa wanawake wanne wa kunilinda. Walinipikia siku tatu. Sijawahi kula vizuri hivyo tangu harusi yangu, ambayo ilichukua wiki sita na ikamaliza mbuzi wa wilaya nzima.

Jumamosi ukumbi ulijaa saa saba. Saa saba na nusu walikuwa wamesimama kwenye kuta. Nje chini ya hema sikuona nyasi. Shamis aliingia saa nane kamili na mkoba wake, akasimama mlangoni, mdomo wazi. Nikampungia mkono aje akae karibu nami.

"Hawa wote wamekuja kwa Koki?"

"Wote."

Akatazama tena. "Mbona wanalia?"

"Wanampenda sana."

Hapo ndipo Koki akaingia na mlango wa nyuma, boksi la vitabu kichwani, shingo imenyooka, anatabasamu kwa kuwaona watu wengi vile.

Kwaya ilikata wimbo katikati ya neno. Nzembi akapiga ukelele, "Shindwe! Shindwe!" na kumrushia leso. Jamaa mmoja mwenye mwili mkubwa alitoka kwa dirisha, na dirisha lile ni la paka. Watoto peke yao ndio walifurahi. Koki akashusha boksi polepole. Akaona karatasi ya ratiba aliyoshika Mzee Wathome, akaona bango kubwa ukutani lenye sura yake, waridi, njiwa. Nikaona amelisoma kama mtu mwingine, kwa mara ya kwanza. Kisha akanitafuta kwa macho.

"Susu. Ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Mdomo wangu una njia nyingi. Lakini uso wake ulikuwa umekauka.

"Nilijua, mama."

"Na kama Nzembi angeanguka akafa kweli? Ungesema nini?"

Nzembi alikuwa ameshikwa na watu wawili asianguke. Sukari yake niliiweka kwenye chai yangu mwenyewe siku tatu. Nikasimama nikawaambia watu ukweli wote, bila kuongeza kitu, na ilinichukua nguvu nyingi kuliko kujifungua mapacha.

Wakakasirika, na walikuwa na haki.

"Shosho, umetutoa machozi ya bure!"

"Mimi nimefunga duka!"

"Nimevaa nguo nyeusi na jua hili!"

"Kitabu? Tumeitwa kwa kitabu?"

Viti vikaanza kukwaruza sakafu. Shamis akafunga mkoba wake, akanitazama jinsi unavyotazama maziwa yaliyochacha. Nikajua nimeua kitabu cha mtoto kwa mkono wangu mwenyewe.

Koki hakuwabembeleza. Alimwendea Mzee Wathome akampokonya ile karatasi ya ratiba kwa adabu.

"Mzee, baada ya wimbo mmepanga nini?"

Mzee akakohoa. "Wasifu wa marehemu."

"Basi kaeni. Wasifu upo. Mkishausikia mtaenda." Akapasua boksi, akatoa kitabu kimoja, akafungua mahali alipopajua. Hakueleza kitu. Alisoma kwa sauti ileile tunayoijua wote, ile ya kando ya kaburi:

"Wasifu wa marehemu Kavinya. Marehemu alizaliwa kiwandani mwaka wa elfu mbili sabini na moja, akiwa wa mia nne na sita katika safu ya tatu. Hakuwa na mama, mpaka siku aliponunuliwa na Bi Mbinya wa Pipeline, ghorofa ya arobaini na mbili. Bi Mbinya alimtazama usoni akasema, huyu ni mama yangu amerudi, akampa jina la mama yake kama ilivyo desturi."

Mtu akacheka mlangoni. Mwingine akamwambia, "Nyamaza, anasomewa mtu."

Waliokuwa wamesimama hawakukaa, lakini hawakutoka pia. Wafanyeje? Tangu utotoni wamefunzwa kwamba wasifu ukianza hakuna anayepita.

"Kazi ya marehemu ilikuwa kupandisha maji. Lifti ya jengo hilo ilikufa kabla yake, na haikusomewa chochote. Marehemu alipenda kusimama dirishani saa ile jua la kukodi lilipowashwa. Hakuwahi kula, lakini kila Krismasi Bi Mbinya alimpakulia chapati, na kila Krismasi alishukuru, akaisukuma kwa mtoto wa jirani."

"Huyo alikuwa na roho nzuri," Nzembi akasema kwa sauti, kisha akakumbuka amekasirika akaziba mdomo.

Viti vikaanza kurudi mahali pake. Kimoja, kingine. Yule jamaa wa dirisha niliona kichwa chake kimerudi dirishani palepale, kimetulia kama picha kwenye fremu. Koki akasoma habari za wenye jengo kukata stima, za Kavinya kuchajiwa kwa betri ya radio, za Bi Mbinya kuugua kiu. Akafika mwisho.

"Siku ya mwisho marehemu alichukua mtungi wa lita ishirini akiwa na chaji ya kumfikisha ghorofa ya kumi. Alipanda arobaini na mbili. Mafundi wamempima, hawana maelezo. Ameacha mtungi mmoja uliojaa, usiomwagika hata tone, na mama mmoja."

Akafunga kitabu.

Kina mama wa kwaya, bila kuambiana, wakaendelea na ule wimbo kutoka katikati ya neno walipouacha. Nzembi alikuwa analia tena, na machozi haya hakuna aliyemdanganya. Wimbo ulipoisha Mzee Wathome akasimama, akasahau hasira yake yote.

"Swali langu ni moja. Huyo Kavinya alizikwa wapi? Maana kama alipewa jina la mama, huwezi kumtupa kwa vyuma kuukuu."

"Aombewe kwanza!" kina mama wakasema.

"Roboti haombewi, ni mashine!"

"Mashine gani inapanda ghorofa arobaini na mbili bila chaji? Wewe hupandi hata tatu!"

"Koki, huyo mama alibaki na nani? Sema!"

Zikapita saa mbili hivyo. Chai ya matanga ikagawanywa, mandazi yakagawanywa, Koki akasomeshwa hadithi nyingine kwa lazima. Shamis alikuwa bado ameshika mkoba. Mwishowe akamwita Koki kando, mimi nikasogea nisikie.

"Waliokuja aliwaleta bibi yako kwa hila, na hilo sitalisahau," akasema, akinitupia jicho. "Lakini baada ya kuambiwa ukweli mlango ulikuwa wazi, na nimewaona wakirudisha viti. Maboksi mangapi unayo?"

"Saba."

"Yapakie."

Koki alipita karibu nami na boksi la kwanza, macho yake mbele. La pili vilevile. La tatu akaliweka mikononi mwangu, zito kama ndama, akaniambia, "Utalipeleka wewe garini, Susu. Na ukimaliza utaenda kwa Nzembi kumwomba msamaha, na utamwambia ukweli mtupu."

"Mtupu kabisa?"

"Kabisa."

Nikabeba. Nzembi nilimkuta nje kwenye kivuli cha hema, kitabu kimefichwa chini ya leso yake, amekataa kukitoa kirudi boksini. Nilimwomba msamaha. Akaniambia nimkalie kimya kwanza. Kavutha alikuwa amekaa kando yake akimsomea hadithi ya Kavinya kutoka nakala nyingine, na humo hadithini Bi Mbinya alikuwa ndio tu ameusikia mtungi ukiwekwa mlangoni.