Kupeleka Mashine Geita na Wacheza Nyoka

Nilikwenda Geita kwa sababu nilitaka kuoa. Wengine husafiri kwa biashara, wengine kuwatembelea ndugu. Mimi nilisafiri kwa ajili ya Zainabu binti Mbaruku, wala sioni haya kusema. Baba yake, muuza mchele wa hapa Shinyanga mjini, alikuwa amenijibu posa yangu kwa maneno machache. Hakuwa na ubaya nami, alisema, ila mimi ni mtu wa kubangaiza mizigo: leo nina kazi, kesho nipo barazani napiga soga. Nipate kazi ya kudumu kwanza, ndipo niwatume tena washenga.

Wiki ile ile treni ikashusha stesheni mashine ya kupondea mawe ya dhahabu, vipande vipande, na msimamizi wa machimbo akawa anatafuta mtu wa kuifikisha Geita. Fundi wa kuifunga alikuwa tayari yuko huko, naye angeondoka Jumamosi jioni. Nikimkuta, mizigo yote ya machimbo itakuwa yangu mwaka hadi mwaka. Nikimkosa, kazi wanapewa watu wa Mwanza wanaopitisha mizigo ziwani. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba lori la pekee la mjini lilikuwa limelala juu ya mawe, halina magurudumu.

Asubuhi ya kuondoka nilijiona hodari kweli kweli. Nilikuwa nimeajiri makundi mawili ya wacheza ngoma wa Kisukuma kutoka vijiji vya jirani, maana watu hawa wakibeba mzigo huku wanaimba hawajui kuchoka. Kundi la kwanza ni wacheza nyoka. Kiongozi wao, Masanja, ni pande la mtu, na hatoki nyumbani bila chatu wake kapuni. Kundi la pili ni wacheza nungunungu, wanaovaa miiba ya mnyama huyo kichwani. Wao wanaongozwa na Luhende, mfupi wa kimo, mrefu wa maneno. Vyuma vizito nikawapa wa Masanja. Boliti, mikanda, spana na chakula nikawapa wa Luhende, nikawatanguliza hao ili wasigombanie njia na wenzao. Mimi nikafuatana nao.

Tulipopita kwa Mzee Mbaruku, Zainabu alikuwa dirishani. Alinirushia kitambaa kilichofungwa visheti. Basi nikatembea mpaka Solwa nikitafuna na kucheka peke yangu, hata Luhende akaniuliza kama nina homa. Nilipomweleza habari ya posa, aliwageukia wenzake akawatafsiria, na kabla hatujafika kisimani nilikuwa nimetungiwa wimbo. Sikuuelewa wote. Nilisikia jina la Zainabu, nikasikia visheti, kisha kicheko kikubwa.

Kutoka Solwa nchi ni tambarare, ina vumbi la ng'ombe na mashamba ya pamba, na hapa na pale majabali yamepandana kama mtu aliyapanga akasahau kurudi. Jua lilikuwa kali, lakini sikulisikia. Kila kijiji tulichopita watu walitoka kusikiliza wimbo wangu, na kila kijiji wimbo uliongezwa ubeti. Mpaka Salawe nilikuwa na watoto saba.

Salawe tuliingia siku ya gulio, na hapo ndipo akili yangu yote ya kupanga safari ilipoanguka. Kundi la Masanja lilitukuta tumepumzika uwanjani. Masanja akatua chuma chake. Luhende akatua boliti zake. Wakatazamana, wakaanza kuvaa njuga. Mtu yeyote aliyezaliwa nje ya mji angejua: makundi mawili ya ngoma hayapishani uwanjani kama watu wanaokwenda kisimani. Yakikutana lazima yashindane, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi. Mimi, mzaliwa wa mjini, nilikuwa nimeyaajiri yote mawili, nikajisifu.

Walicheza siku ile, na kesho yake wakaendelea. Watu wa gulio walikuwa wakikimbilia kwa Masanja chatu anapotoka kapuni, kisha wanarudi kwa Luhende anapopindua macho na kutikisa miiba. Nami nilikuwa nakimbia katikati nikiwasihi wote wawili, na wasichana wa Salawe wakadhani mimi ni kundi la tatu.

Mwenyeji wetu alikuwa Mama Kulwa, mama wa mapacha, mjane wa mcheza ngoma aliyepata kuvuma sana. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku anafukuza kuku wake wasikaribie kapu la chatu. Ngoma iliyokuwa ikipigwa ilikuwa yake, kubwa, sauti yake inasikika kijiji cha pili, na makundi yote mawili yalikuwa yanagombania kuchezea sauti ile. Alikuwa amechoka.

"Baba, niondolee ngoma hii hapa," akaniambia. "Ikiondoka, na hawa wataondoka."

Nilimtazama yule mama, nikatamani kumkumbatia. Nikamwapia kwamba ngoma haitatoka mikononi mwangu mpaka nimrudishie, nikaibeba mgongoni, nikasimama juu ya jiwe, nikatangaza kwamba Salawe si mahali pa kuamua jambo kubwa kama hili. Geita kuna wachimbaji wa kila kabila, wasio ndugu wa mtu yeyote hapa. Ngoma hii italia huko, baada ya mashine kufungwa, na huko ndiko itakakojulikana nani ni nani. Sikumaliza. Wa Luhende walikuwa wamekwisha shika njia.

Kharumwa tulipita mbio. Kundi la Masanja lilibaki nyuma kwa uzito wa vyuma, nami kwa furaha ya kwenda haraka sikugeuka kuwatazama. Ijumaa mchana tukaingia Geita tunaimba, miiba inang'aa, wachimbaji wametoka mashimoni na matope yao kuja kutushangilia. Fundi alifungua mzigo wa kwanza, akaona boliti. Akafungua wa pili, akaona boliti. Akaniuliza kwa upole mashine yenyewe iko wapi.

Usiku ule mvua ilinyesha. Jumamosi asubuhi akaja mpita njia, akasema ameona watu wamekwama kwenye mbuga ya udongo mweusi, si mbali, na vyuma vyao vimezama. Wa Luhende walirukaruka kwa furaha. Mimi niliketi juu ya sanduku la boliti. Nilimwona Zainabu anaolewa na mtu wa Mwanza, mwenye mtumbwi, na nilimchukia mtu huyo ingawa hayupo. Basi nikamsogezea Luhende ngoma, nikamwambia aipige tu, ameshinda.

Luhende aliweka mikono juu ya ngozi. Hakupiga.

"Nimemshinda nani?" akauliza.

Akatazama uwanja mtupu, kisha akawatazama wenzake, nao wakaacha kuruka. Walivua miiba, wakaifunga vizuri kwenye nguo, wakarudi mbugani mbio. Nikawafuata na ngoma mgongoni, maana nilikuwa nimeapa kwamba haitatoka mikononi mwangu. Tuliwakuta wa Masanja wamezama hadi magotini, na chatu peke yake ndiye mkavu, kapu lake likiwa kichwani. Luhende alimtukana Masanja tangu chuma cha kwanza mpaka cha mwisho. Beba, alimwambia, usije ukasingizia matope kesho. Masanja alijibu matusi kwa matusi, na kila tusi lilitoa chuma kimoja kwenye udongo.

Fundi alikuwa amekwisha funga sanduku lake tulipotokea. Alilifungua. Jumapili mashine iliponda jiwe la kwanza, kisha ngoma ikalia mpaka jua likatua. Nani alishinda? Masanja alimvika msimamizi chatu shingoni, msimamizi akapanda juu ya mashine, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuhesabu watu wako upande gani. Hadi leo wanabishana.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi. Kazi ilikuwa yangu. Na nilikuwa nimejifunza: chuma na boliti yake sivitenganishi tena, na kabla ya kumuuliza mpagazi ana nguvu gani, kwanza namuuliza anacheza ngoma gani.

Shinyanga nilikwenda kwa Mzee Mbaruku kabla ya kunawa miguu. Alinisikiliza hadi mwisho, hacheki, anavuta ndevu zake.

"Vyuma walibeba hawa, boliti wale," akasema. "Na wewe ulibeba nini?"

"Ngoma, mzee. Ya kuazima. Nimeirudisha Salawe."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, akajizuia, akashindwa. Mzee alilitazama lile pazia, kisha akanigeukia.

"Kaiazime tena, basi, harusi haifanyiki kimya," akasema. "Lakini yule nyoka abaki huko huko."