Mfano Uliokuwa wa Kweli

Katika ofisi zote za afya za mji ule hakukuwa na mtu mgumu wa kuamini kama yule mama waliyempa jina la Hebu Nione. Jina lilimpata mwaka wake wa kwanza kazini. Lilikuja lori la vyandarua, dereva akamnyooshea karatasi atie sahihi, naye akasema, "Hebu nione kwanza." Marobota yakafunguliwa: juu vyandarua, chini matambara matupu. Tangu siku ile akawa hasaini, hapokei wala hasadiki mpaka macho yake yaridhike. Mumewe, fundi cherehani mwenye mzaha, aliwaambia wateja kwamba hata siku ya posa alikaguliwa vidole, ionekane kama kweli vimechomwachomwa na sindano.

Basi ilipokuja barua ya kumwita kwenye mafunzo ya siku tatu ya kujiandaa na dharura za afya, hakuifurahia. Aliisoma mara mbili, akaigeuza na kutazama mgongoni.

"Miaka ishirini na sita naomba hata glavu, sipewi," akamwambia mumewe. "Leo naitwa kwa maneno matamu. Kuna jambo."

"Labda wamekukumbuka."

"Ofisi haimkumbuki mtu, mume wangu. Ofisi humtafuta mtu."

Alikuwa na sababu. Wiki tatu nyuma, katika mtaa anaouhudumia, watu wanne walikuwa wameharisha maji matupu. Wiki iliyofuata wakawa tisa. Aliwagawia pakiti za chumvi za kuchanganya na maji, akawahimiza kuchemsha maji ya kunywa, na kila wiki akaandika taarifa ndefu kwenda idarani, akiomba maji ya mtaa yapimwe. Jibu likawa lile lile: imepokelewa, subiri. Na sasa, badala ya mpimaji, anaitwa yeye.

Mafunzo yalifanyika katika ukumbi wa idara. Viti vilikuwa vya plastiki, na feni ililia kama mlango usiotiwa mafuta. Wahudumu thelathini walikaa, na mbele alisimama mkufunzi, kijana kutoka makao makuu, shati limenyooka na ulimi mwepesi. Siku ya kwanza aliwafundisha kupima dawa ya klorini kwenye ndoo, kuvua glavu bila kugusa upande mchafu, na nani ampigie simu nani pakitokea mlipuko. Hebu Nione moyoni alikiri kwamba yalikuwa mambo ya maana. Lakini jicho lake halikumwachia kijana yule. Kila akitoka nje kuzungumza kwa simu, akirudi hutupa macho kwenye kona aliyoketi yeye, kisha huyaondoa haraka.

"Huyo ametumwa," akamnong'oneza jirani yake.

"Ametumwa na nani, dada? Mtu anakuogopa tu ulivyokunja uso!"

Siku ya pili kukawa na zoezi la mezani. Mkufunzi aligawa karatasi. "Chukulieni huu ni mlipuko wa kweli," alisema. "Mtaa A, nyumba mia na arobaini. Wiki ya kwanza wagonjwa wanne, wiki ya pili tisa. Niambieni mtafanya nini saa ya kwanza."

Hebu Nione akaanza kusoma. Wanne. Tisa. Watoto wawili wa nyumba moja. Muuza mkaa, mjamzito. Wote wanaishi jirani na tangi la maji lililo karibu na soko. Alipofika mstari wa mwisho akausoma mara mbili: "Mgonjwa anasema hakula nje, ila nina mashaka naye."

Hakuna mtu mwingine katika idara nzima aliyewahi kuandika taarifa ya ugonjwa namna hiyo. Yalikuwa maneno yake, yamepigwa chapa na kufutwa majina.

"Mwanangu," akamwita mkufunzi, "hii umeitoa wapi?"

"Ni mfano tu, mama."

"Mifano nayo ina mimba?"

Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi naye akacheka, lakini kicheko cha kutojua anachocheka. Hebu Nione akaona amekwepwa.

Wenzake walipokwenda kula, yeye alinyoosha moja kwa moja hadi masjala. Karani alikuwa peke yake kati ya mafaili yaliyorundikana mpaka dirishani.

"Taarifa zangu za mwezi huu ziko wapi?"

"Za kwako, dada? Ziko kwenye mafunzo," karani akajibu kwa furaha. "Mkuu wa idara aliniagiza nichague zilizoandikwa vizuri za kufundishia. Nikachagua zako. Una mwandiko mzuri!"

"Na aliyezisoma ni nani?"

Karani alifikicha jicho. "Mimi niliangalia mwandiko."

Mtu mwingine angeamini na kulia. Hebu Nione hakuamini. Tangi lile la karibu na soko lilikuwa mali ya shemeji wa mkuu wa idara, na hilo alilijua tangu zamani. Akaunganisha uzi: taarifa zimefichwa kwa makusudi, zikageuzwa mchezo wa darasani, na yeye ameketishwa hapa siku tatu ili asipite mtaani. Alirudi ukumbini, na kwa bahati, nzuri au mbaya, mkuu mwenyewe alikuwa amekuja kutazama zoezi.

Akasimama. "Hili si zoezi. Wagonjwa hawa nawajua mmoja mmoja. Na tangi hilo, mkuu, ni la shemeji yako. Ndiyo maana mmenyamaza."

Mkuu alifura, akataka kusema, kisha akaichukua karatasi. Aliisoma taratibu mpaka chini, akakaa kwenye kiti cha plastiki.

"Hii sijawahi kuiona," alisema.

Mkufunzi akamgeukia Hebu Nione. "Mama, majina yao unayo?"

"Na nyumba zao."

"Basi zoezi limekwisha. Bebeni ndoo, bebeni glavu. Twende."

Mchana ule wahudumu thelathini waliingia mtaani wawili wawili, nyumba kwa nyumba. Walipata wagonjwa wapya kumi na wanne. Muuza mkaa walimkuta amelala sakafuni, macho yameingia ndani, midomo imekauka kama gamba. Mkufunzi mwenyewe alisukuma mkokoteni uliomfikisha hospitalini, shati lake jeupe limejaa masizi. Mama yule alipona, na mtoto tumboni akapona. Lakini nyumba ya tatu kutoka kwake waliambiwa kwamba mzee mmoja, mlinzi mstaafu, alikwisha kuzikwa juzi. Jamaa walidhani ni uzee. Hakuwa kwenye orodha yoyote.

Majibu ya maji waliyochukua mtaani kupimwa yalitoka siku tatu baadaye. Kilikuwa kipindupindu, na kilitoka kwenye bomba la maji ya mtaa lililopasuka ndani ya mtaro wa maji machafu, nyuma ya kibanda cha kinyozi. Tangi lilipimwa mara mbili. Lilikuwa safi.

Lakini maneno yalikuwa yameshatoka ukumbini. Watu walimsusa mwenye tangi, na mmoja alimvunjia koki kwa jiwe. Hebu Nione alimkuta ameketi kwenye kigoda, anafunga koki mpya. Akamwambia, "Bwana, nilikushuku bure. Nisamehe."

Mwenye tangi hakuinua kichwa. "Ulinishuku mbele ya watu, mama. Msamaha unaniomba pembeni?"

Alirudi nyumbani. Mumewe alimwuliza kama bado anaamini mkuu alificha zile taarifa. "Sijui," akasema. "Aliyekufa amekufa, zimefichwa au hazikusomwa." Lilikuwa jambo la kwanza, mumewe alisema baadaye, ambalo mkewe aliliacha bila kwenda kulikagua.

Asubuhi iliyofuata alichukua ndoo mbili, akaenda kwenye tangi saa ya watu kuchota. Akasema kwa sauti kwamba amekosea, maji haya ni safi, yamepimwa. Akajaza ndoo zake. Baadhi ya wanawake wakajipanga nyuma yake. Wengine walimtazama, wakapita na madumu yao kwenda kuchota mbali.