Kiti cha Mukarugwiza na Mafaili Yaliyobanwa

Mnanisumbua. Kalamu inaniuma vidole, herufi zangu zinatembea kama kuku, halafu mnakuja kuniomba mimi nieleze habari za Mukarugwiza, kana kwamba Kigali nzima imeishiwa na watu waliosoma. Haya, waliosoma watawaeleza habari za mashine. Za Mukarugwiza ninazo mimi, maana alinisimulia mwenyewe mara arobaini tukichambua maharage, na kila mara alikasirika upya. Kaeni, na msinikatize.

Mwaka wa tisini na mbili Mukarugwiza alikuwa na kiti. Msicheke. Wengi wana viti na hakuna anayewasalimu. Kiti chake kilikuwa katika ofisi moja ya mbegu mtaani Kiyovu, nyumba ya zamani yenye bustani. Mbele ya kiti palikuwa na kompyuta, kando yake sanduku la disketi lenye kufuli, na ufunguo ulikaa shingoni mwake pamoja na rozari.

Ofisi ile ilikuwa na vituo vitano mikoani, na kila kituo kilitumia programu ya kugawa mbegu za maharage. Programu yenyewe ilikuwa na ugonjwa wa kuzimia. Ikizimia, mashine ya kituo iliandika katika faili kila kilichokuwa kichwani mwa programu dakika ile, na faili hilo lililetwa Kigali wataalamu walipekue wajue kosa liko wapi. Kwa kupekua walikuwa na chombo chao, programu nyingine waliyoiita Mpelelezi. Shida ni kwamba faili lilikuwa nene mno, halienei disketi moja. Basi kituo kililibana kwanza, kama mtu anayekalia sanduku la nguo ili lifunge, kisha kikalikata vipande vitatu, kila kimoja disketi yake, na kuvituma kwa basi. Naye Mpelelezi hakujua kusoma kilichobanwa. Aliona takataka tupu. Ilibidi mtu aunganishe vipande, alifungue faili, alirudishe unene wake. Mtu huyo alikuwa Mukarugwiza, na hapakuwa na mwingine.

Kwa hiyo walimjia. Hata Eustache, mkuu wa ofisi, alikuja asubuhi na karanga ndani ya karatasi iliyosokotwa.

"Mama Mukarugwiza, umeamkaje? Nifungulie hili la Kibuye."

"Weka hapo. Nina foleni."

Foleni haikuwapo. Lakini karanga haziliwi kwa haraka.

Ndipo akaja Liliane kutoka Bujumbura. Msichana mrembo, mwembamba, amesomea kompyuta, anacheka mpaka wa barabarani wanageuka. Wiki ya kwanza alikaa kimya akiangalia watu wanavyosubiri. Wiki ya pili akasema mkutanoni, mbele ya wote:

"Kwa nini tunangoja siku mbili faili lifunguliwe? Nitamfundisha Mpelelezi alifungue mwenyewe. Unampa lililobanwa, analisoma hivyohivyo."

Eustache akapiga makofi. Kesho yake karanga zilipita mbele ya meza ya Mukarugwiza, hazikusimama, zikaenda kutua dirishani kwa Liliane.

Kuanzia hapo Mukarugwiza hakupata usingizi wa mchana wala hamu ya chakula. Alihesabu nani kamsalimu Liliane kabla yake. Alichunguza viatu vya msichana, akaviona vya kitoto. Alichunguza kicheko chake, akakiona cha mtu asiyelelewa. Liliane akimwambia, "Mama, chai imepoa, nikubadilishie?", alijibu, "Iache. Naipenda baridi." Maisha yake yote hakuwahi kupenda chai baridi. Aliinywa.

Siku moja msichana alikuja na daftari. "Mama, kuna lolote ninalopaswa kujua kuhusu disketi za mikoani?"

"Wewe ndiye uliyesoma," Mukarugwiza akasema, akafunga sanduku kwa ufunguo.

Maana lilikuwapo jambo. Kila kituo kilikuwa na tabia yake, na tabia hizo hazikuandikwa popote, zilikaa kichwani mwake. Jean-Bosco wa Cyangugu, kwa mfano, alikuwa na disketi mbovu, akaziogopa. Basi alianza kunakili kipande cha mwisho, kwa kuwa ndicho kidogo, ajaribu kama disketi inashika. Disketi aliyotangulia kuiandika aliibandika namba moja. Mkia ukaitwa kichwa, na kichwa kikaitwa tatu. Mukarugwiza aligundua hilo zamani, akawa anaanza na ya tatu, akanyamaza.

Siku ya maonyesho ilifika, Alhamisi. Ofisi nzima ilisimama nyuma ya Liliane. Faili lilikuwa la Cyangugu, na mvua za umuhindo, yaani za vuli, zilikuwa zimekaribia. Huko watu walingoja mbegu. Liliane aliingiza disketi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mpelelezi akawaza, kisha akaandika: *Faili limeharibika.*

Akarudia. *Faili limeharibika.*

Mukarugwiza, pale nyuma, alionja utamu ambao karanga hazina. Hakuhitaji kufanya kitu. Angenyamaza tu, na kesho wangerudi wote mezani kwake na karatasi zao zilizosokotwa. Eustache alikuwa ameanza kukuna kichwa. Liliane masikio yamemwiva.

"Samahani, bwana mkuu," msichana akasema. "Kazi yangu nadhani ni nzuri. Ni faili lenyewe lililokufa. Hili hata Mama Mukarugwiza asingeweza kulifungua."

Hakusema kwa ubaya. Lakini loo!

"Nani asingeweza?"

Watu wakageuka. Mukarugwiza alikuwa tayari anawapita kwa viwiko. "Nani asingeweza? Mimi? Inuka hapo." Liliane akainuka. Mama akachukua disketi zile kama karata, akaanza na ya tatu, ikafuata ya pili, akamalizia na ya kwanza. Mpelelezi akafungua macho. Kioo kikajaa mistari, na kosa likaonekana.

"Yoo!" Eustache akapiga kelele. "Mama, umejuaje?"

Mdomo huponza kichwa. Angesema, "Najua mwenyewe," akarudi kukaa. Lakini wote walikuwa wanamtazama yeye, hata mmoja hakumtazama Liliane, na ilikuwa miezi miwili hajatazamwa. Akaeleza ya Cyangugu. Akaulizwa Kibuye je? Akaeleza ya Kibuye. Akaeleza Butare, Gitarama, Kibungo, kwa mikono, kwa mifano, na watu wakacheka alipotaka wacheke. Liliane hakucheka. Alikuwa anaandika.

Jumatatu Mpelelezi alifungua mafaili ya vituo vyote vitano bila kumuuliza mtu. Jumanne hakuna aliyefika kwenye meza ya Mukarugwiza. Jumatano alikwenda yeye.

"Ulichoandika Alhamisi ni changu."

"Najua, Mama. Njoo uone." Liliane akamwonyesha orodha ya mafaili yanayomfanya Mpelelezi awe Mpelelezi. "Mpangilio wa vituo nimeuweka katika faili lake peke yake. Bila hili hafungui kitu. Nimelipa jina lako."

Mukarugwiza akasogeza uso. Palikuwa pameandikwa MUKARUGW.

"Ndiye nani huyu?"

"Ni wewe. Mashine haikubali jina la faili kuzidi herufi nane."

"Na lako lipo?"

"Lipo, Mama."

"Lote?"

"Lina herufi saba."

Mukarugwiza akazihesabu herufi zake kwa kidole. Mafaili yote ya mikoani walikuwa wanayabana, na yakifika Kigali yanafunguliwa, yanarudi kama yalivyotoka kwao. Jina lake peke yake ndilo lililobanwa lisifunguke.

"Hata katika hili," akasema. Akavua ufunguo shingoni, akaacha rozari, akauweka juu ya meza, kando ya karanga za mwenzake. Alichukua karanga moja tu, akaondoka akiitafuna.

Nimemaliza, na vidole vimekufa ganzi. Sasa ni zamu yako. Chukua kalamu, andika MUKARUGWIZA, herufi zote kumi na moja, usiruke hata moja. Kisha ulisome kwa sauti, hapo ulipo, hata kama kuna watu. Mimi natega sikio.